Bomba limetoka kwenye mpunga, kesho linaingia kwenye nyanya: namna ya kulisafisha lisije likakuunguzia shamba

Msimu huu pekee nimeshatumiwa picha na watu wanne na picha zote zinafanana, nyanya imejinyonga kama nguo iliyokamuliwa, majani yamekuwa membamba yamepinda kwenda chini, shina limezunguka. Wote wanauliza hii rasta naipiga na nini. Mimi nauliza swali moja tu, hilo bomba la kupulizia dawa mara ya mwisho lilipiga nini? Kimya kidogo, halafu inakuja: "aah kaka, lilienda kwenye mpunga kule Mabogini, ila nililisuuza kabisa."

Sasa hapo kwenye kulisuuza ndo tutakaa leo.

Kwanza tofautisha, usije ukanunua dawa ya inzi weupe bure. Rasta inaletwa na inzi weupe, majani yanakunjika kwenda juu kama kikombe na pembeni yanakuwa ya njano, na unakuta mche mmoja umeshika na jirani yake mzima. Dawa ya magugu haichagui hivyo. Inafuata mstari uliopita na bomba, na mara nyingi pale ulipoanzia, kwenye bomba la kwanza la siku, ndo pameumia zaidi, halafu kadiri unavyoendelea mbele hali inakuwa nafuu. Ukiona mchoro huo shambani usitafute mdudu.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilikuwa nimetoka kupiga 2,4-D, dawa ya magugu, kwenye mpunga, nikalisuuza bomba mara tatu na maji ya mfereji (na hilo nalo kosa, ntalisema), nikapiga dawa ya ukungu ya unga kwenye nyanya zangu Kahe, huku Moshi, hamna kitu, nyanya zinacheka. Wiki iliyofuata kantangaze (wale viwavi wanaotoboa majani na matunda ya nyanya) wakaingia nikapiga dawa ya wadudu ya mafuta, ile ukiimimina kwenye maji inageuka maziwa. Siku ya nne robo tatu ya ekari imejinyonga. Nikaenda dukani kugombana na muuzaji kwamba kaniuzia dawa feki, kumbe dawa yake ilikuwa nzima, kilichoniponza kilikuwa kwenye mpira wa bomba langu. Ile dawa ya mafuta ina vimumunyisho na vitu kama sabuni ndani yake, ikapita kwenye mpira ikakwangua 2,4-D iliyokuwa imejibana ukutani na kwenye washa (vile vipete vya mpira vinavyozuia kuvuja), ikaibeba yote ikaipeleka kwenye nyanya. Maji matupu hayakuwa na ubavu wa kuitoa.

Kwahiyo hata kama umeshapiga kitu kingine katikati na hakikuunguza, bomba linaweza kuwa bado chafu.

## Andaa hivi kabla hujagusa bomba

Madumu mawili ya maji safi ya lita 20, na la tatu liwe karibu. Maji ya matope hapana, yanaziba nozo.

Glavu nzito za nitrili, zile ndefu, siyo hizi nyepesi za hospitali. Miwani ya kukinga macho, gambuti, shati la mikono mirefu. Huku kusafisha unashika dawa kwa mkono kuliko hata wakati wa kupiga, watu wanasahau.

Sabuni ya unga ya kufulia, pakiti ndogo inatosha.

Amonia ya usafi wa nyumbani, mililita 160 kwa bomba la lita 16 (ni mililita 10 kwa kila lita). Ukiikosa tafuta soda ya kufulia, sodiamu kaboneti, gramu 80 kwa lita 16.

Mswaki wa zamani, brashi ya chupa, ndoo ambayo haitarudi jikoni, spana, washa mpya za saizi ya bomba lako, na grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya gari usipake, inavimbisha mpira wa washa.

Makopo sita yenye miche ya maharage yenye majani mawili matatu. Hii usicheke, panda siku kumi hivi kabla. Ndo kipimo chetu cha mwisho.

## 1. Jua unatoka kwenye dawa gani

Soma lebo, siyo jina kubwa la mbele, soma maandishi madogo yanayotaja kiambato. Majina ya mbele yanabadilika kila duka ila kiambato hakidanganyi.

Ukikuta 2,4-D, MCPA au dicamba, hizo ni dawa za magugu zinazofanya kazi kama homoni. Zinaua majani mapana na kuacha nyasi, ndo maana mpunga, mahindi, ngano na miwa vinapona, halafu nyanya, maharage, pamba na zabibu vinaumia hata kwa tone. Hizi zinataka hatua zote bila kuruka.

Ukikuta jina linaloishia na "sulfuron", kama metsulfuron au nicosulfuron, hizo ni hatari kimyakimya, zinafanya kazi kwa kiwango kidogo sana, gramu chache tu kwa ekari, kwahiyo mabaki ambayo hata huyaoni yanatosha kudumaza mboga. Nazo hatua zote.

Glaifoseti yenyewe inatoka vizuri na maji, fanya hatua ya 2, 3, 4, 6 na 7. Dawa ya ukungu kwenda dawa ya wadudu kwenye zao lilelile, hatua ya 2 mpaka 4 na sabuni inatosha, hapo adui ni ule unga unaoganda chini ya tangi na kwenye chujio, hasa shaba na mankozebu.

Kama dawa ilikuja kwenye chupa ya soda, haina lebo, umepimiwa na mtu, basi hujui unatoka wapi. Ichukulie kama 2,4-D. Na acha kununua hivyo bwana, dawa iliyosajiliwa inakuja na lebo yake, na ukiwa na shaka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wako hapo Ngaramtoni Arusha, siyo mbali. Lebo ikiwa na maelekezo yake ya kusafisha, fuata lebo kuliko mimi.

## 2. Malizia mzigo shambani, usiulaze

Pima dawa ya kutosha eneo lako ili ibaki kidogo au isibaki kabisa. Kilichobaki kiongezee maji kimalizie kwenye shamba hilohilo la mpunga au mahindi, bila kupita mara mbili pale ulipokwisha piga kwa kipimo kamili.

Anza kusafisha siku hiyohiyo hata kama mgongo unauma. Dawa ikikauka kwenye mpira inakuwa kama rangi ya ukutani, kuitoa kesho ni kazi mara tano. Mimi najua ile hali ya saa kumi na mbili jioni, umechoka, unalitupa bomba kibandani unasema ntaosha asubuhi. Hapo ndo shamba la nyanya linapoungulia.

## 3. Suuza kidogokidogo mara tatu, siyo mara moja kwa tangi zima

Hapa wengi wanabisha kwahiyo tufanye hesabu. Tuseme kimebaki kikombe, mililita 200, chini ya tangi na kwenye pampu. Ukitia lita 6 kwa mpigo mmoja na kumwaga, umepunguza makali mara 31. Ukizigawa lita 6 hizohizo, lita 2, ukatikisa, ukapiga zote zikaisha, tena lita 2, tena lita 2, kila awamu inapunguza mara 11, na 11 mara 11 mara 11 ni 1,331. Maji yaleyale! Hii ndo sababu mtu anakwambia "nilitia tangi zima la maji" na nyanya bado zimeungua.

Kila awamu: tia lita 2, funga mfuniko, litingishe pande zote, ligeuze juu chini mpaka maji yafike kwenye mfuniko na mdomo. Halafu pampu na upige kupitia nozo mpaka litoe hewa. Ukiyamwaga kupitia mdomo wa tangi umeosha tangi tu, mpira na mkono wa kupulizia vimebaki na dawa yao.

Maji haya piga kwenye shamba ulilotoka. Usiyamwage mferejini. Mifereji yetu hii ya Chekereni na Mabogini, na mifongo, mifereji ya asili ya huku juu milimani, ina watu kule chini wanamwagilia mchicha, wananywesha ng'ombe, watoto wanaoga. Mimi nilikuwa naoshea palepale mferejini mpaka mzee mmoja akanisimamia juu ya kichwa akaniuliza, "mwanangu, chini huko wanaishi maadui zako?" Sikuwa na jibu.

Umefaulu kama: maji ya awamu ya tatu hayana rangi, hayana povu la dawa. Harufu bado inaweza kuwepo, 2,4-D inanuka kwa muda mrefu, usikate tamaa.

## 4. Lifungue, lote

Toa presha kwanza. Geuza mkono upande wa shamba, bana kufuli (kile cha kuruhusu dawa itoke) mpaka litulie ndo ufungue nati. Nimemwona mtu kafungua bomba lina presha, kilichomrukia machoni sitaki kukielezea.

Toa nozo na kichujio chake kidogo kilicho nyuma. Toa kile kichujio kilicho ndani ya mshikio wa mkono, watu wanamiliki bomba miaka mitatu hawajui kama kipo, ukikizungusha kitatoka kimejaa tope la rangi ya kahawia lenye miaka mitatu. Toa chujio la mdomoni. Vua mpira pande zote mbili. Kama bomba lako linaruhusu, vuta pampu nje uone washa.

Vitu vidogo vyote weka kwenye ndoo yenye maji ya sabuni, sugua na mswaki. Nozo usitoboe na sindano wala waya, tundu likipanuka kidogo tu kipimo chako chote cha dawa kimeharibika. Na usiipulize kwa mdomo! Nasema kila mara na kila mara naona mtu kaweka nozo mdomoni kama filimbi.

Angalia washa na mpira. Washa iliyopasuka au iliyovimba ni sponji, imenyonya dawa na itaitema polepole wiki nzima, tupa weka mpya. Mpira ukiuinamisha ukaona nyufa ndogondogo ndani ya mdomo wake, badilisha, bei ya mpira haifikii tenga moja la nyanya.

## 5. Loweka usiku kucha

Hii ndo hatua ambayo wote wanne hawakuifanya.

Rudisha mpira, mkono na kufuli, ila nozo na vichujio viache kwenye ndoo. Jaza tangi maji nusu, tia amonia mililita 160 au soda gramu 80 uliyoiyeyusha pembeni, jaza mpaka juu kabisa, mpaka kwenye shingo. Piga kidogo ili mchanganyiko upite mpirani na ujae mkononi, funga, liache limesimama usiku kucha, saa 12 na zaidi.

Kwanini amonia au soda? Dawa za jamii ya 2,4-D na hizi za sulfuron zina tabia ya asidi, ukizipa maji yenye alkali zinayeyuka na kuachia ukuta. Na kwanini usiku kucha? Kwa sababu zilishaingia ndani ya mpira, zinahitaji muda wa kutoka kama zilivyohitaji muda wa kuingia. Dakika kumi ni kujifariji.

Tahadhari mbili, za kweli kabisa. Ya kwanza, usichanganye amonia na jiki wala dawa yoyote ya kung'arisha nguo, hata mabaki kwenye ndoo ileile, inatoka gesi inayobana kifua na inaweza kuua. Ya pili, kama mkono wa bomba lako ni wa shaba nyeupe au njano, amonia inaula, hapo tumia soda; sehemu za alumini hata soda inazila.

Fanyia nje, kwenye hewa, mbali na kisima. Weka kibao au kitu mtoto asifike, bomba lililojaa maji meupe mtoto analiona la kuchezea.

Umefaulu kama: asubuhi ukipiga kidogo kwenye ndoo nyeupe unaona maji yamepata rangi au ukungu fulani ambao jana haukuwepo. Mara ya kwanza kuiona nilishtuka, bomba nililokuwa naapa ni safi lilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi.

Yapige yote kupitia mkononi, kwenye eneo la nyasi au pembeni ya mahindi, mbali na mfereji na mboga.

## 6. Sabuni, ndani na nje

Lita 4 za maji, kijiko kikubwa cha sabuni ya unga, brashi ya chupa ndani ya tangi, hasa ule mkunjo wa chini na uzi wa mfuniko. Piga nusu kupitia mkononi. Kama dawa ilikuwa ya mafuta sabuni haina mbadala, maji hayashiki mafuta.

Halafu nje. Mikanda ya mgongoni inanyonya dawa na kukurudishia kwenye mabega kila ukitoka jasho, ivue uiloweke. Sugua sehemu inayogusa mgongo na mkono wa kupampu.

Na hapahapa osha kopo la kupimia, ndoo ya kuchanganyia na kile kijiti cha kukorogea. Kijiti! Una bomba linang'aa halafu unakoroga dawa ya nyanya na kijiti kilichokoroga 2,4-D juzi. Kijiti cha mti kichome moto shambani mbali na watu usisogelee moshi, au bora zaidi nunua cha plastiki kinachooshwa.

## 7. Suuza mara tatu tena

Kama hatua ya 3, lita 2 mara tatu, kupitia nozo iliyorudishwa. Sabuni iliyobaki nayo inaweza kuunguza majani machanga kwenye jua kali.

Paka washa grisi ya silikoni kidogo, funga nati kwa mkono, spana robo mzunguko tu.

## 8. Mahakama ya maharage

Usipime bomba kwa shamba. Pima kwa makopo.

Tia lita 2 za maji, na ile dawa ya wadudu unayokusudia kupiga kwenye nyanya kwa kipimo chake cha lebo. Nasisitiza ile dawa yenyewe na siyo maji matupu, kwa sababu nimeshakwambia ni dawa ya mafuta ndo inayokwangua, maji matupu yatakupa jibu la uongo. Piga kidogo mpira ujae, acha saa chache au usiku. Asubuhi kile kinachotoka mwanzo kabisa puani kwa nozo kipige kwenye makopo matatu ya maharage mpaka yalowe. Yale matatu mengine changanyia dawa ileile kwenye chupa mpya ya kunyunyizia ambayo haijawahi kuona bomba, piga nayo.

Yaweke pamoja, jua moja, maji mamoja, subiri.

2,4-D kwenye maharage haifichi, siku moja mbili vikonyo vya majani vinaanza kupinda, siku ya tano shingo imezunguka. Sulfuron inachelewa, subiri wiki mpaka mbili, ncha inadumaa na kuwa ya njano. Makopo yote sita yakifanana, bomba limepita. Yale matatu ya bomba yakipinda na ya chupa yamesimama, rudi hatua ya 5, na safari hii badilisha mpira na washa zote. Ikifeli tena, hilo bomba ni la magugu maisha yake yote. Miche hiyo usile wala usimpe mbuzi.

Najua mtu atasema kantangaze hawasubiri wiki. Kweli, hawasubiri. Ndo maana kipimo hiki unakifanya ukitoka kwenye mpunga, siyo siku unayowaona kantangaze.

## Kama unaweza, kuwa na mawili

Mawili ni nafuu kuliko haya yote. Langu la magugu nimelipaka mstari mwekundu kuzunguka tangi, kwenye mkono na kwenye kopo lake la kupimia, na linakaa banda la pili, kwa sababu yakikaa pamoja kijana anachukua lililo karibu.

Kuhusu kuazima, huko ndo balaa zaidi maana hata ukisafisha la kwako jirani analirudisha saa tatu usiku amelitua mlangoni, limesuuzwa na linang'aa. Mimi siku hizi simuulizi kama kaliosha. Namuuliza alipiga nini, namwomba na chupa yake niisome lebo, na kama hana chupa, naandika tarehe kwenye tangi kwa maka peni na kuanzia hatua ya 1 kesho yake asubuhi.